Mvua Ikikatika, Babu Hutangulia

Juzi mvua ilinyesha hapa Mafinga, mvua ya kwanza ya maana tangu kiangazi kiishe. Nilikuwa nimekaa barazani kwa mwanangu, blanketi magotini, nasikiliza bati likipigwa. Huku mvua ina harufu ya misonobari na maranda ya mbao, si harufu niliyokulia, lakini mtu mzima huzoea. Ilipokatika nikasimama. Mkamwana wangu akatoa kichwa jikoni.

"Mama, unaenda wapi tena? Nje utelezi huo, jamani."

Nikamwambia nanyoosha miguu tu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshasimama kabla sijaamua kusimama. Mvua ikikatika mimi hutoka nje, iwe asubuhi au jioni, niwe mzima au nina homa. Marehemu mume wangu alikuwa akinicheka, akisema ameoa bata. Hakuwahi kuniuliza sababu, nami sikuwahi kumwambia. Wewe nitakwambia, maana una muda na mimi sina kazi.

Kwetu ni upande wa Tukuyu, chini ya Mlima Rungwe. Huko mvua ikija huja na mizigo yake kabisa, ina nia ya kukaa. Nazungumzia miaka ya hamsini, nilipokuwa mtoto wa kutumwa hapa na pale. Baba alikuwa Chunya akichimba dhahabu. Alikuja nyumbani mara chache, vumbi jekundu limejaa kwenye mikunjo ya suruali, akakaa kidogo, akaondoka. Dhahabu yenyewe sikuiona hata punje. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa mimi na mama katika nyumba ya chini, karibu na njia, na babu mzaa baba katika nyumba ya juu, penye mianzi. Bibi alikuwa ameshafariki. Katikati ya nyumba hizo mbili, kwenye mteremko, ndipo ilipokuwa bustani.

Sasa kuna jambo ambalo usipolijua hutaelewa mengine. Kwetu sisi Wanyakyusa, zamani zile, mke wa mtu hakumwona baba mkwe wake. Simaanishi kwamba alimwonea haya kidogo. Hakumtazama usoni, hakutaja jina lake, hakukutana naye njiani, hakukanyaga mlangoni pake. Akisikia anakuja, anaingia vichakani, anachutama, anajifunika nguo mpaka apite. Baba mkwe naye hivyo hivyo, akijua mkamwana yuko mahali, anazunguka. Haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na ndani ya heshima hiyo kulikuwa na woga mkubwa, kwa sababu watu waliamini kwamba mwanamke akivunja mwiko huo, tumbo lake ndilo litakalolipa.

Zamani zaidi, wazee walisema, jambo hilo halikuwa na shida, kwa kuwa vijana walijenga vijiji vyao mbali na baba zao. Lakini kahawa ilipoingia, ardhi ikawa tamu, na kila mtu akataka mwanawe akae karibu ailinde. Ndivyo baba alivyopewa kiwanja cha chini. Ndivyo watu wawili wasiotakiwa kuonana walivyopewa bustani moja. Aliyepanga hivyo hakuwa mtu wa kuwaza sana.

Basi wakaishi kwa zamu. Siku za kawaida ilikuwa rahisi, babu alikuwa na muda wake na mama muda wake. Shida ilikuwa mvua. Mvua ikikatika kila mtu anataka kuingia bustanini: migomba imeanguka, mifereji imeziba, uyoga umetokeza na utaliwa na konokono, majani ya maboga ni machanga na yanataka kuchumwa. Utaratibu ulikuwa kwamba babu hutangulia. Atashuka kutoka mianzini, atategemeza migomba kwa miti, atazibua mfereji, kisha atapiga jembe lake kwenye jiwe lililokuwa pembeni, ngo, ngo, na kurudi kwake. Mama huko chini amesimama mlangoni, kikapu mkononi, anasubiri mlio huo. Akiusikia ananituma mimi. Nakimbia, nachungulia kila upande, nampigia kelele aje. Ndipo anaingia.

Sijui nikuelezee vipi ilivyokuwa kuingia mle. Ukungu unapanda taratibu kutoka mtoni. Majani ya magimbi yamebeba maji katikati, mazito, yanayumbayumba, ukiligusa moja linamwaga yote miguuni pako. Migomba inadondosha matone hata dakika nyingi baada ya mvua kwisha, ta, ta, ta, juu ya majani makavu. Msimu ambao kahawa inachanua, mvua moja tu inatosha, kesho yake matawi yote ni meupe na harufu inafika mpaka kitandani. Vyura wanapokezana. Udongo wetu ni mweusi, na ukilowa unakuwa mweusi zaidi, laini, unapanda katikati ya vidole vya miguu. Mama alikuwa anaingia kimya. Alikuwa mtu wa maneno mengi kwa jirani, lakini bustanini baada ya mvua hakusema kitu mpaka ametazama chini.

Alikuwa anatazama nyayo za babu.

Ilinichukua muda kuelewa. Mama hakuwahi kumwona babu, lakini kila mvua ilipokatika babu alikuwa amemwachia miguu yake kwenye tope, mipya, yenye kingo kali. Aliijua kuliko mtu yeyote. Alijua kidole kikubwa cha kushoto kimepinda ndani. Alijua akiwa na hasira, maana kisigino kilizama. "Babu yako leo hakula," alikuwa akisema, akiinama kuokota uyoga. Au, "Leo amesimama hapa muda mrefu. Alikuwa anatazama nini hapa?" Tulikuwa tunasimama pale pale, tunatazama alichotazama, na mara nyingi ilikuwa ni boga limeanza kukua au mgomba unaotoa mkungu. Mama alikuwa akitabasamu. Kisha tuliendelea na mboga.

Mwaka fulani pembeni ya nyayo kukatokea tundu dogo la fimbo. Mama aliliona kabla mimi sijamwona babu na fimbo yenyewe. Mvua zilizofuata tundu likawa linazama zaidi, na mguu wa kulia ukawa hauchapi unyayo, unachora mstari. Mama akachukua jembe akaanza kuchonga vidaraja kwenye mteremko, kutoka bustanini kwenda mianzini, ili babu asiteleze. Alichonga katika zamu yake, hakumwambia mtu. Siku iliyofuata tulikuta babu amelaza vipande vya mianzi kwenye kingo za kila kidaraja ili mvua isivisombe, na juu ya lile jiwe ameweka chane ya ndizi mbivu. Mama alikula ndizi moja pale pale, amesimama. Nyingine tukaenda nazo.

Wakati huo mama alikuwa na mimba. Usidhani ilikuwa furaha tupu. Kabla yake kulikuwa na watoto waliozaliwa na kufa, wamezikwa nyuma ya nyumba, na wanawake walikuwa wameanza kunong'ona kwamba labda alimwona mkwe wake mahali. Jirani yetu, mama mmoja mwenye moyo mzuri na mdomo usiofungwa, alikuwa akimwambia waziwazi, "We mwenzetu, ile bustani itakumaliza. Mwachie mzee." Mchungaji naye alihubiri kwamba mambo ya kuogopana wakwe yamekwisha, kwamba mbele ya Mungu wote ni ndugu. Mama alimwitikia amina, na akitoka kanisani, babu akitokea njiani, anaingia vichakani. Babu pia alikuwa Mkristo, na alikuwa wa kwanza kuzunguka.

Siku ninayotaka kukueleza, watu wote wa jirani walikuwa wamekwenda msibani ng'ambo ya mto. Mama alibaki kwa sababu ya mimba, nikabaki naye. Mvua ikanyesha tangu asubuhi, na tulisikia mto ukinguruma kule chini, tukajua hakuna atakayevuka kurudi siku hiyo. Mchana ikakatika. Mama akachukua kikapu, akasimama mlangoni.

Tukasubiri. Jiwe halikulia.

"Labda hajashuka," nikasema.

"Ameshuka. Nimesikia anakohoa." Akasubiri tena. Kisha akasema, "Nenda kaangalie. Angalia nyayo kwanza."

Nilienda. Nyayo za babu zilikuwepo, zinashuka kwenye vidaraja, fimbo pembeni, zinaingia kwenye migomba. Za kurudi hazikuwepo. Nikazifuata mpaka kwenye mfereji wa chini, penye magimbi, nikamkuta amelala ubavu, bega limo majini, mguu wa kulia umekunjwa vibaya. Macho yalikuwa wazi.

"Uko na nani?" akaniuliza.

"Na mama. Yuko kule."

"Na watu?"

"Wote wako msibani. Mto umejaa."

Akafumba macho. Nikakimbia kumwambia mama, na mama akaja mpaka nyuma ya migomba, akasimama pale ametupa mgongo. Sasa, walikuwa karibu kiasi kwamba kila mmoja alisikia pumzi ya mwenzake. Lakini maneno yalipita kwangu. Mama anauliza, nakwenda kuuliza, babu anajibu, narudi kujibu. Anatetemeka? Anatetemeka. Anaweza kusimama? Hawezi. Midomo yake ikoje? Ya kijivu. Juu ya mlima mawingu yalikuwa yanajikusanya tena. Nilimwona mama ameweka mkono tumboni, ameukaza. Sijawahi kuona mtu anaogopa namna ile akiwa amesimama tu.

Babu ndiye aliyeamua. Alisema kwa sauti, akinitazama mimi, lakini haikuwa sauti ya kuniambia mimi.

"Mtoto, kata jani la gimbi. Kubwa. Nifunike uso."

Nikakata. Nikamwaga maji yake, nikaliweka usoni pake, naye akashika kikonyo chake mwenyewe ili lisidondoke. "Mwambie tayari," akasema chini ya jani.

Mama akaja kinyumenyume. Akachutama, mgongo kwake, nami nikavuta mikono ya babu moja moja nikaipitisha mabegani mwa mama. Babu alikuwa mwepesi, mifupa na koti. Mama akamfunga kwa kitambaa kama afungwavyo mtoto mchanga, akanyanyuka, akapanda vile vidaraja alivyochonga, kimoja kimoja, akishika mianzi. Mimi nilikuwa nyuma nikilishikilia jani. Aliingia mlango ambao hakuwahi kuukanyaga, akamlaza kitandani, akawasha moto, akaweka maji. Kazi yote hiyo aliifanya akiwa ameinamisha kichwa, na babu hakulitoa jani usoni mpaka aliposikia hatua zake zimefika nje.

Watu waliporudi wakawa na neno. Wengine walisema jani linatosha, wengine walisema jani ni jani tu, hata kondoo angelila. Jirani alitaka mnyama achinjwe haraka kabla ya balaa. Mchungaji alisema ni Msamaria mwema. Mama alikuwa anasikiliza tumbo lake. Usiku aliweka mkono juu yake na asubuhi niliukuta mkono pale pale.

Babu hakupona. Mguu ulikataa, kisha kifua kikashika. Mama alipika mbalaga, ndizi zilizopondwa na maharage na maziwa, nami nikampelekea. Yeye mama alikuwa ananifuata mpaka nyuma ya nyumba ya babu, anakaa chini nje ya ukuta wa mianzi, anapukuchua maharage. Wote tulijua anasikiliza. Mvua ikikatika babu ananiuliza, "Leo ikoje?" Nami namweleza bustani. Ndiyo kazi iliyokuwa imebaki, na niliifanya kwa bidii kwa sababu alinisikiliza akiwa amefumba macho. Namwambia ukungu umefika wapi. Mgomba upi umeinama. Kahawa imechanua upande huu, upande ule bado. Namwambia buibui ametandaza utando kati ya matawi mawili na utando wote una shanga za maji. Hapo alicheka kidogo, akakohoa.

Siku moja nilimaliza haraka, nilitaka kwenda kucheza. Nje ya ukuta, sauti ya mama ikasema:

"Mwambie maboga yamechanua. Yamepanda mpaka kwenye ule mgomba alioutegemeza."

Mama hakuwahi kusema neno masikioni mwa babu kwa kusudi. Mvuke wa chungu nilicholeta ulikuwa unapanda. Babu alifumbua macho, akatazama ukuta, mianzi ile ile aliyoikata na kuisuka mwenyewe.

"Nimesikia," akasema. Kisha, "Mwambie ndaga," ndiyo asante ya kwetu.

Sikuhitaji kumwambia. Nje maharage yalikuwa yamenyamaza, halafu yakaanza tena kudondoka kwenye ungo.

Alifariki kabla maharage hayo hayajaisha. Baba hakuwahi kufika, Chunya ni mbali. Nyumba ya juu ilijaa watu, wanawake wanalia kwa namna yetu, sauti inashuka bonde lote. Mchungaji akatoka nje akamwita mama, aliyekuwa amesimama mbali kwenye mianzi. "Njoo umuage," akamwambia. "Sasa hakuna kuogopana tena. Mtazame." Watu wakanyamaza, wakampisha. Hata jirani alinyamaza, ndugu yangu, na hilo halikuwa dogo.

Mama akaingia. Mchungaji alikuwa ameshika shuka upande wa kichwani, tayari kulifunua. Mama hakwenda kichwani. Alikwenda miguuni, akapiga magoti, akafunua shuka pale, akaitazama miguu ya babu. Kile kidole kilichopinda. Kisigino. Aliitazama muda mrefu.

"Ndiye," akasema.

Akaifunika vizuri, akatoka. Hakulia, na mimi sikulia. Nilikuwa natazama mikono yake inavyonyoosha shuka.

Mvua ya kwanza baada ya mazishi ilinyesha ikakatika jioni. Mama akachukua kikapu akasimama mlangoni, nami nikasimama karibu yake, na tukasubiri. Tulijua wote wawili kwamba hakuna wa kupiga jiwe. Tukasubiri hivyo hivyo. Bustani haikuwahi kupendeza kama jioni ile. Jua lilikuwa limetoka chini ya mawingu, kila jani linameta, kahawa nyeupe, maboga ya manjano juu ya mgomba. Na udongo ulikuwa umelainishwa na maji tangu juu mpaka chini, mweusi, safi, hauna alama hata moja ya mtu. Mama akautazama. "Hakuna mtu," akasema. "Twende." Lakini tulipoingia alitembea pembeni, kwenye majani, asikanyage pale babu alipokuwa akipita.

Mdogo wangu alizaliwa mzima, analia kwa nguvu zote. Jirani akasema ni lile jani. Mchungaji akasema ni Mungu. Mama akasema mtoto ana njaa.

Jioni ile kuna kitu ndani yangu kilikufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, na sina hakika kama kimewahi kuamka. Nimezika watu wengi tangu wakati huo, mama akiwemo, na mume wangu. Mimi husimama, huangalia, hunyoosha shuka. Watu husema nina moyo mgumu. Pengine. Mahali penyewe hapapo tena. Nilipita miaka michache iliyopita nikakuta geti, ukuta, na uani wameweka pevingi mpaka penye lile jiwe. Na mila ile imekwisha, siililii. Mkamwana wangu ananikumbatia asubuhi, alikuwa anakula meza moja na mume wangu wakibishania habari za redioni. Ni binti mzuri. Nisingependa achutame vichakani kwa ajili ya mtu.

Basi juzi nilitoka. Nyuma ya jiko kuna tuta moja la chainizi na mchicha, ndiyo ardhi pekee iliyobaki uani kwa mwanangu. Nilivua ndala, nikazunguka tuta taratibu. Majani yalikuwa yamesimama, yamebeba maji. Nilipomaliza nikageuka nikatazama nilikopita. Unyayo wa kushoto ulikuwa umechapa vizuri. Wa kulia ulikuwa umechora mstari. Sikuwa najua.

Nikarudi ndani, nikakaa kwenye kiti changu. Mkamwana wangu akaja akaona tope kwenye marumaru, limetoka mlangoni mpaka kitini, hatua kwa hatua.

"Usijali mama, tope tu hilo," akasema, na akaleta ndoo na dekio. Akaanza mlangoni, akazifuta moja baada ya nyingine, akiimba taratibu, mpaka akanifikia. Nikanyanyua miguu ili apite.